Muuza Vyungu wa Fumba

Ukienda sokoni kununua chungu, usidanganywe na macho. Kinyanyue, kiweke juu ya vidole vya mkono mmoja, halafu kigonge kwa kifundo cha kidole na utege sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, hutoa sauti iliyoziba, kama mtu mwenye mafua anayeita jina lako. Bibi yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na tangu siku hiyo sijauziwa chungu kibovu, ingawa nimeuziwa vitu vingine vingi vibovu ambavyo havigongeki.

Nimeanza na chungu kwa sababu msichana ninayetaka kuwasimulia habari zake, na jinsi alivyokuwa mtu mzima mjini, aliujua mji kwa kuutembeza mzigo wa vyungu. Na mji nao ulimgonga ili usikie analiaje.

Hii, wanangu, si ya paukwa na pakawa. Huyu alikuwapo. Alizaliwa mnamo mwaka 1880 Fumba, kijiji cha kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, karibu kilomita 20 kutoka mji wa Zanzibar. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Tabora, kwao Wanyamwezi, ni mbali na Fumba, na Uzigua nako kuna bahari katikati, na mmeshasoma shuleni ni kwa njia gani watu wengi wa bara walivushwa kuletwa Unguja karne ile. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, miaka michache kabla hajazaliwa. Lakini soko likifungwa, waliokwisha kununuliwa hawarudi makwao kesho yake. Waliendelea kuwa mali ya watu, wakilima mashamba ya watu. Sheria ya kuufuta utumwa wenyewe haikuja mpaka mwaka 1897, na wakati huo mtoto wetu alikuwa msichana wa miaka kama 17 hivi.

Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Mtumwa binti Saad.

Hadi leo Zanzibar utawakuta wanawake waitwao Mtumwa, na hakuna anayeshtuka akiwasikia wakiitwa. Limekuwa jina kama Mwajuma au Asha. Siku zile lilikuwa kama anwani: aliyelisikia alijua hapohapo uko upande gani wa nyumba, barazani au uani. Mtoto alijifunza jina lake na nafasi yake kwa pumzi moja.

Kazi aliyorithi kwa mama yake ilikuwa ufinyanzi. Mkitaka kuijua kazi hiyo msitazame video, nendeni mkamwone mfinyanzi. Udongo huchimbwa, hupondwa, huchujwa mawe na mizizi, hukandwa mpaka uwe kama donge la unga wa mkate. Chungu huinuliwa kwa mkono, hulainishwa, huachwa kivulini kikauke polepole, maana kikikauka kwa pupa hupasuka. Halafu huchomwa. Na hapo ndipo roho ya mfinyanzi huwa mkononi, kwa kuwa moto hauna upendeleo: vyungu kumi huingia, saba hutoka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, yaani mwenye kutengeneza vyombo vya watu yeye mwenyewe hula kwenye kigae. Nadhani aliyesema hivyo alikuwa na mama mfinyanzi.

Fumba nzima ingehitaji vyungu vingapi? Kila nyumba inavyo, na chungu kizuri hudumu. Wanunuzi walikuwa mjini. Kwa hiyo Mtumwa alikuwa akijitwisha mzigo, kata chini na vyungu juu, na kushika njia kwa miguu mpaka mjini.

Sasa mniazime macho yenu muuone mji ule kama alivyouona yeye. Upande wa bahari kulikuwa na nyumba za mawe, ndefu, zenye milango ya kuchonga na misumari ya shaba: nyumba za masultani, za matajiri wa Kiarabu, za wafanyabiashara wa Kihindi, za mabalozi wa Kizungu. Nyuma yake mkono wa bahari uliingia nchi kavu na kuukata mji vipande viwili. Ng'ambo ya mkono ule, kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, waliishi wavuvi, wachukuzi, mafundi, wapishi, watumwa na waliokuwa watumwa. Upande huo watu waliuita hivyohivyo tu, Ng'ambo, kana kwamba kilichokuwa na haki ya kuwa “hapa” ni upande wa mawe peke yake. Kati yao palikuwa na daraja. Leo maji yale yamefukiwa zamani, pamepita barabara, lakini pakiitwa Darajani mjue ni kwa sababu ya daraja hilo, ingawa hakuna tena cha kuvuka.

Msichana wa shamba alivaa kaniki, kitambaa cheusi cha bei rahisi. Kaniki na merikani ndizo zilizokuwa nguo za watumwa, na mtu akikutazama tu alikuwa ameshakusoma. Wanawake waliopata uhuru walikimbilia kanga zenye maua na rangi, na baadaye buibui, kwa hamu ambayo sisi tuliozaliwa tukiwa na hiari ya nguo hatuwezi kuielewa vizuri. Kwa hiyo mpigeni picha akilini: binti wa kaniki, vumbi la njia nzima miguuni, vyungu kichwani, anaingia kwenye vichochoro ambavyo nyumba zake zina madirisha juu kabisa. Mwenye nyumba haoni kilicho chini. Mama wa nyumba hatoki nje. Utamuuzia vipi mtu asiyekuona?

Kwa sauti. Aliita. Akapaza bei na sifa za vyungu vyake huku akiviimbia, na sauti ikapanda kuta za mawe, ikaingia madirishani, ikashuka ndani hadi jikoni. Watu wakazoea: sauti ile ikisikika mtaa wa pili, mtumishi alikuwa ameshatumwa mlangoni kungoja. Hakuna chuo cha kuimba kilichomfundisha kuvuta pumzi akiwa na mzigo kichwani, akipanda na kushuka, na sauti isitetereke. Vichochoro ndivyo vilivyomfundisha. Waimbaji wa leo hulipa pesa kujifunza jambo hilo, na wengine wanalipa bure.

Mnaniuliza lakini: kukua kwake kuko wapi? Si ulisema utatusimulia jinsi msichana anavyokuwa mtu mzima mjini?

Haya. Kwetu pwani msichana alikuwa na njia yake ya kukua. Akivunja ungo alipewa somo au kungwi, mwanamke mzima aliyemweka ndani, akamfunda mambo ya mwili, ya ndoa na ya adabu, kisha akatolewa kwa ngoma na vigelegele. Njia hiyo ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Siku ya kutoka, kila mtu kijijini alijua: huyu si mtoto tena. Tatizo la mji ni kwamba hauna mlango wa namna hiyo. Leo msichana hushuka basi pale Mbezi, Dar es Salaam, begi mkononi, na hakuna anayempigia vigelegele wala wa kumwambia sasa umekua. Huenda akawa na miaka 19, huenda 30. Mji hauulizi umri. Mji unauliza unaweza nini, na haungoji sana jibu.

Mtumwa alihamia mjini moja kwa moja mwaka 1911. Hesabuni wenyewe: alikuwa na miaka ipatayo 30. Kwa hesabu ya Fumba alikuwa mtu mzima siku nyingi. Kwa hesabu ya mji ndiyo kwanza alikuwa mwari. Ndiyo maana nawaambia huyu alikua mara mbili, na ile ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu kungwi wake ilibidi amtafute mwenyewe.

Kungwi huyo alikuwa mwanamume, na alikuwa mwanamuziki. Jina lake Ali Muhsin, mpigaji wa Nadi Ikhwani Safaa. Hapa lazima nipinde kona kidogo. Taarab ilifika Unguja kwa mlango wa kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri, na inasimuliwa kuwa alimtuma kijana wa Kizanzibari, Muhammad Ibrahim, Cairo akajifunze kanuni, ile ala yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya Nadi Ikhwani Safaa, ambayo ipo mpaka leo. Udi, fidla, kanuni, dumbaki, na wanaume waliovaa kanzu nyeupe wakiimba kwa Kiarabu mbele ya watu wakubwa. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Mwanamke hakuwamo. Mtu wa shamba hakuwamo. Kiswahili nacho, lugha iliyozungumzwa na kila mtu kuanzia jikoni hadi bandarini, kilibaki mlangoni na viatu.

Ali Muhsin alimsikia Mtumwa akiimba, akamgonga akasikia mlio. Akaanza kumfundisha: kukaa na ala, kusubiri zamu yake, kutamka Kiarabu sawasawa. Mwanafunzi hakuwa amekwenda shule. Nyimbo zile ndefu za lugha ya watu alizishika kwa sikio, neno baada ya neno. Mimi jambo hili hunishangaza kuliko sauti yake. Sauti mtu huzaliwa nayo. Lakini mtu mzima wa miaka 30 kukaa chini, kukosea, kusahihishwa, kukosea tena, mbele ya watu wanaojua ulikuwa ukiwauzia vyungu... hilo linataka moyo. Mtoto akikosea huchekwa kwa upendo. Mtu mzima akikosea huchekwa tu.

Na alichekwa. Alipoanza kualikwa kuimba kwenye majumba makubwa, wenzake wa sanaa walimtungia wimbo wa kumkebehi. Sitauimba, lakini maana yake ilikuwa hivi: huyu tangu lini akawa mtu, aliyekuja juzi kutoka shamba na kaniki yake, na lau si hiyo sauti angekufa njaa. Wimbo ule ulienea mji mzima, kwa sababu matusi mazuri husafiri haraka kuliko habari njema. Mnajua mambo ya kusemwa mitandaoni siku hizi? Zanzibar ya wakati ule ilikuwa na mtandao wake: vibaraza, visima na harusi. Ukitungiwa wimbo asubuhi, jioni watoto wanaurukia kamba.

Angeweza kulia. Labda alilia, nani ajue. Kilichobaki ni jibu lake, nalo lilikuwa wimbo pia. Hakukanusha kaniki, hakukanusha shamba. Alisema uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Akaliacha hapo. Mji ukapima nyimbo mbili, na mnaona wenyewe: aliyetukanwa ndiye tunayemzungumzia leo, na waliomtukana majina yao tumeyasahau.

Wakati huo alikuwa ameshapata jina jingine. Mjini waliacha kumwita Mtumwa wakamwita Siti. Kwa Kiarabu neno hilo ni la bibi mwenye heshima, mwenye nyumba, yule ambaye zamani Mtumwa angesimama mbele yake akisubiri kuamriwa. Siti binti Saad. Angalieni kilichobaki: la baba hakuliacha. Wengi wanaohamia mjini huanza kubadilisha matamshi, halafu ukoo, halafu wanasahau njia ya kurudi. Yeye alibadilisha lile moja tu ambalo hakulichagua yeye wala baba yake kwa hiari.

Alijenga maisha yake Ng'ambo. Aliitwa kuimba kwenye kasri na kwenye nyumba za mawe, akaenda, akaimba Kiarabu na kupokea zawadi, kisha akavuka daraja kurudi kwa watu wake. Nyumba yake ikawa baraza la usiku. Wapigaji wake walikusanyika hapo: Subeti bin Ambar na udi wake, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban. Majirani wakaja. Mtu analeta kisa cha mahakamani, mwingine cha bandarini, mwingine cha karani mla rushwa, na kisa kinageuzwa shairi, na shairi linatiwa muziki, kwa Kiswahili. Kile kilichokuwa kimeachwa mlangoni na viatu kikaingizwa ndani na kukalishwa kwenye mkeka.

Wimbo mmoja wa wakati huo unaitwa Kijiti, jina la mwanamume. Nilisita kama niwaambieni habari zake, lakini mnakua, na wengine wenu mnakwenda mjini. Unahusu kisa kilichotokea kweli. Mwanamke mjamzito alivuka kutoka Bara kuja Unguja kutembea. Usiku mmoja akatoka na wenyeji wake kwenda ngomani, na Kijiti akamuua. Muuaji akatorokea Bara. Waliobaki mikononi mwa mahakama ni wanawake waliotoka na mgeni yule, na hao ndio waliohukumiwa, kwa habari ya ulevi. Siti na wenzake wakaimba kisa chote, na majina ya watu, ili kisimalizikie kwenye faili.

Nimefikiri sana kwa nini wimbo ule aliuchukua yeye. Mgeni yule naye aliingia mji asioujua, akawaamini aliowakuta. Tofauti ya wanawake wale wawili haikuwa busara wala adabu. Mmoja alikutana na Ali Muhsin, mwingine alikutana na Kijiti. Watu husema msichana akiharibikiwa mjini ni kwa kutosikia la mkuu. Mimi sikubaliani, na naona Siti naye hakukubaliana, maana wimbo wenyewe unamnyooshea kidole muuaji na hakimu, na mgeni unamlilia.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice, ile ya picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni, ilimwita Siti na kikundi chake Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Wakavuka bahari. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amerekodi santuri kabla yake. Sahani za zama zile zilichukua dakika kama tatu kila upande, wakati taarab haina haraka, wimbo mmoja unaweza kumaliza birika la kahawa. Ilibidi waimbaji waliozoea kulea wimbo usiku kucha waukate uingie kwenye dakika hizo. Kwa mtu aliyejifunza kutangaza chungu, bei na ubora wake kabla mnunuzi hajafunga dirisha, nadhani hilo halikuwa gumu sana.

Sahani zikarudi, zikauzwa pwani na bara. Watu ambao walikuwa hawajasikia sauti ya mashine ikisema lugha yao waliisikia kwa mara ya kwanza, na sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke wa Fumba. Kampuni nyingine zikaanza kukimbilia waimbaji wa Kiswahili.

Mengine nayapitia haraka. Alizeeka akiwa na jina kubwa. Alipokuwa anakaribia mwisho, Shaaban Robert, mwandishi mnayemsoma darasani, alimtembelea akakaa naye, akaandika wasifu wake, na mengi tunayoyajua tunayajua kwa sababu ya mazungumzo yale. Alifariki Julai 1950. Wanawake walioanzisha chama cha waandishi wa habari wanawake Tanzania, TAMWA, walilipa jarida lao jina la Sauti ya Siti. Na Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, aliendelea kuimba Kijiti akiwa kikongwe, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Juzi nilikwenda Fumba. Nilitaka kuona udongo. Njia ambayo Mtumwa aliikanyaga ni lami sasa, gari halichukui hata saa moja. Na huko mbele, karibu na bahari, pamejengwa mji: majumba ya ghorofa, bustani, wageni kutoka nchi mbalimbali wakinunua nyumba kwa dola. Mabinti wa vijijini na wa kutoka Bara wanapanga foleni getini asubuhi wakitafuta kazi za usafi na jikoni. Nilisimama nikawatazama. Mmoja, amejitanda kanga, alikuwa akiongea kwa simu na mtu wa kwao kwa sauti kubwa, ya kujaa, sauti ambayo ilivuka ukuta na kumfanya mlinzi ageuke.

“Nimefika, mama,” alikuwa akisema. “Mji wenyewe ndio huu. Ngoja nikupigie baadaye, wananiita jina.”